Ushujaa wa Uwanjani na Amri ya Tano

Watu wengi hupenda kuwatazama askari wakipita katika gwaride, na hatuoni aibu kukiri kwamba nasi tumo miongoni mwao. Bendi inapoanza kupiga, na miguu mia mbili ikakanyaga ardhi kwa mshindo mmoja, hata mzee aliyekuja na mkongojo wake hunyoosha mgongo. Tarehe 9 Desemba kwetu Tanzania, na tarehe 12 Desemba kwa jirani zetu wa Kenya, baba huwaamsha watoto alfajiri, mama hufunga chakula, na safari ya kwenda uwanjani huanza kabla jua halijapanda. Hayo ni mema. Taifa lina haki ya kufurahi, na jeshi lina haki ya kuwaonyesha wananchi kwamba vijana wao hawakukaa bure kambini.

Lakini liko neno ambalo tumelisikia mara nyingi barazani, na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Watu hupata habari kwamba katika nchi fulani sheria za usalama zimekataza ndege za kivita kupita juu ya watazamaji, au zimewasogeza watu mbali na mizinga, au zimeamuru askari wanyweshwe maji kabla ya gwaride, nao hucheka. Husema: jeshi gani hili linaloogopa jua? Ikiwa askari aogopa hatari, raia afanyeje? Na wengine huongeza kwamba dunia ya leo imekuwa ya watu laini, wanaotaka kila furaha ifungwe kwa kamba.

Yafaa tuyapime maneno hayo, wala tusiyapuuze, maana waliyoyasema si wajinga. Ndani yake mna swali zito la dhamiri: je, ni halali kuuhatarisha uhai wa mtu, awe askari au mtazamaji, kwa ajili ya maonyesho?

Jumapili ya tarehe 28 Agosti 1988, watu wapatao 300,000 walikusanyika Ramstein, katika Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule, kwenye kiwanja cha ndege cha jeshi la anga la Marekani. Milango ilikuwa wazi kwa wote, na jamaa nzima zilikuja na watoto wao. Kikosi cha anga cha Italia kiitwacho Frecce Tricolori, chenye ndege kumi za aina ya Aermacchi MB-339, kilikuwa kikionyesha mchezo wake uliopendwa kuliko yote. Ndege tisa hujigawa makundi mawili na kuchora kwa moshi umbo la moyo angani. Kisha ndege ya kumi, ikiwa peke yake, huja kuupenya moyo ule kama mshale, ikiwaelekea watazamaji. Siku ile ndege ya kumi ilifika upesi mno na chini mno. Ndege tatu ziligongana. Ile ya pekee ilianguka ikiwaka, ikasererekea hadi katikati ya watu. Walikufa watu 70: marubani 3 na watazamaji 67. Mamia walijeruhiwa, wengi wao kwa moto wa mafuta ya ndege.

Marubani wale hawakuwa wazembe. Walikuwa miongoni mwa mafundi bora wa kazi yao, nao walilipa kwa uhai wao wenyewe. Kosa lilidumu kwa muda wa kupepesa jicho, na hakuna mwanadamu aliyepewa na Mungu mkono usiokosea kamwe. Lakini uamuzi wa kuuelekeza mshale ule upande walikokaa watoto haukufanywa angani, wala kwa haraka. Ulifanywa chini, mezani, na watu wenye karatasi na kalamu, waliokuwa na muda wa kutosha kuuliza: rubani akikosea, nani atakayelipa? Mshale ungaliweza kuelekea upande wa pili. Moyo ungalionekana mzuri vilevile, isipokuwa labda watazamaji wasingalishtuka sana. Hapo ndipo penye jambo. Ule mshtuko wa raha, wa kuona ndege inakuja kana kwamba itakupiga na isikupige, ndio uliofanya wauelekeze mshale kwa watu.

Yako pia mambo ya baada ya ajali, ambayo hayasimuliwi sana. Waokoaji wa Marekani na wa Ujerumani walikuta kwamba vifaa vyao vya kutia dripu havikulingana. Majeruhi walipakiwa katika magari bila mpango mmoja, na basi moja lililobeba watu walioungua vibaya liliingia hospitalini mjini Ludwigshafen jioni, saa kadhaa zilipokuwa zimekwisha kupita. Kila aliyekuwapo alitaka kusaidia, na twaamini kwamba wengi walifanya kazi kishujaa. Walichokosa ni kitu kinyonge sana: watu kukaa pamoja siku kadhaa kabla, wakaulizana nani atafanya nini mambo yakiharibika. Ujerumani ilisimamisha maonyesho ya namna hiyo kwa muda, na yaliporudishwa yalirudi na masharti makali, watazamaji wakiwekwa mbali zaidi na ndege zikikatazwa kufanya michezo ya kuwaelekea.

Mtu angedhani kwamba baada ya hayo dunia yote ilijifunza. Sivyo. Tarehe 27 Julai 2002, karibu na mji wa Lviv nchini Ukraine, ndege ya kivita aina ya Su-27 ilianguka kati ya watazamaji katika kiwanja cha Sknyliv. Walikufa watu 77, na 28 kati yao walikuwa watoto. Marubani wawili walijitoa kwa miavuli wakapona, na mwaka 2005 mahakama iliwahukumu vifungo vya miaka 14 na miaka 8. Twamwachia Mungu kupima mioyo yao. Twasema tu kwamba idadi hiyo, watoto 28, yatosha kumnyamazisha mtu anayecheka anaposikia kamba ya usalama imesogezwa nyuma.

Sasa tuje kwenye hoja yenyewe. Kanisa halifundishi kwamba uhai wa hapa duniani ni kitu cha kushikwa kwa gharama yoyote. Lingefundisha hivyo, tusingekuwa na mashahidi wa Uganda, wala mapadre waliobaki na wagonjwa wa tauni. Wala halimdharau askari: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, wamtaja askari aifanyaye kazi yake vema kuwa mtumishi wa usalama na uhuru wa watu. Basi askari aweza kuuweka uhai wake hatarini, na mara nyingine ni wajibu wake kufanya hivyo. Lakini swali la kale la wanateolojia hubaki palepale: kwa sababu gani? Hatari hupata uhalali wake kutokana na jema linalotafutwa, na jema hilo lazima liwe na uzito unaolingana na hatari yenyewe. Kumvuta mwenzako aliyejeruhiwa chini ya risasi ni jema lenye uzito mkubwa. Kuwafanya watu wapige kelele za furaha ni jema pia, lakini ni jema jepesi, nalo haliwezi kulipiwa kwa bei ileile.

Kimo kisa katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 23, ambacho husomwa mara chache, nacho chatufaa kuliko hotuba nyingi. Daudi yumo ngomeni, na Wafilisti wameishika Bethlehemu. Kwa kiu, au labda kwa kuukumbuka utoto wake, anatamani kwa sauti maji ya kisima kilicho langoni pa mji ule. Hakuamuru kitu. Alitamani tu. Lakini mashujaa watatu walimsikia, wakapenya kambi ya adui, wakateka maji, wakamletea. Ni tendo la ushujaa ambalo jeshi lolote lingelisimulia miaka mia. Naye Daudi akakataa kuyanywa. Aliyamimina mbele ya Bwana, maana aliyaona kuwa ni kama damu ya watu wale walioiendea hatari.

Wengine humwona Daudi hapo kuwa ametupa zawadi kwa dharau. Sisi twaona kinyume chake. Aliwaheshimu watu wake kuliko kama angaliyanywa na kuwasifu, kwa sababu aliwafundisha, na alijifunza mwenyewe, kwamba damu ya askari haitumiki kuburudisha koo la mkubwa. Tena alitambua jambo ambalo kila kamanda hana budi kulitambua: tamaa ya mkubwa, hata ikisemwa kwa mzaha, hufika chini ikiwa amri. Mgeni wa heshima akisema kwamba mwaka jana makomandoo waliruka juu zaidi, tayari amekwisha kuwatuma watu watatu Bethlehemu.

Hapo twafika kwenye ugumu ambao wanaocheka sheria hawautaji. Husema kwamba askari amekubali hatari mwenyewe. Je, amekubali? Alikubali, alipoapa, kuilinda nchi. Lakini utii wa kijeshi si kama kibarua cha mtu huru awezaye kuweka chini jembe na kwenda zake. Kijana aliyeamriwa kulala juu ya misumari huku mwenzake akivunja tofali kifuani pake hasemi kwamba leo hajisikii vizuri. Kwa kuwa hawezi kukataa, yule anayemwamuru abeba dhamiri mbili, yake na ya kijana. Na mtoto aliye juu ya bega la baba yake hakukubali chochote. Aliletwa.

Jioni ya tarehe 10 Juni 2023, watu wengi duniani walitazama picha kutoka London. Asubuhi ile askari zaidi ya elfu moja walikuwa wamefanya mazoezi makuu ya gwaride la kuzaliwa kwa Mfalme, mbele ya Mwana wa Mfalme William, katika joto la nyuzi zipatazo 30. Walivaa koti nzito za sufu na zile kofia ndefu za manyoya ya dubu. Askari wasiopungua watatu walizimia. Mmoja wao, mpiga tromboni, alianguka, akajiinua, akajaribu kuendelea kupiga, kisha ikabidi asaidiwe kuondoka. Watu walimsifu sana, na Mwana wa Mfalme mwenyewe aliwashukuru wote kwa kazi waliyoifanya katika hali ngumu.

Tumeifikiria sana picha ile. Kijana yule anastahili heshima yetu. Alitenda kama alivyofunzwa, na moyo wa kurudi kazini baada ya kuanguka si kitu cha kuchezea. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba tendo kuu la ushujaa ni kuvumilia, zaidi ya kushambulia, naye kijana alivumilia. Lakini je, sifa zile hazikutusaidia sisi watazamaji kuepa swali jingine? Joto haliji kama mwizi. Lapimwa kwa kipimajoto tangu asubuhi, na kanuni za kuwalinda watu na joto ni rahisi kuliko kanuni zote: maji, kivuli, muda mfupi zaidi wa kusimama, vazi jepesi. Lipo jibu la kweli kwa upande wa desturi, nasi twalikubali kwa sehemu. Koti lile na kofia ile vyabeba kumbukumbu ya waliokufa, na sherehe isiyo na taabu yoyote haina uzito wa sherehe. Hata sisi hufunga kabla ya Komunyo na kupiga magoti juu ya sakafu ngumu. Twakiri kwamba hatujui kuchora mstari kamili kati ya taabu inayotukuza na taabu inayodhuru. Twajua tu kwamba mtu anapozimia, mstari umekwisha kupitwa.

Mtakatifu Tomaso huyohuyo aliandika jambo jingine ambalo wanaosifu ujasiri husahau. Ushujaa, alisema, una adui pande mbili. Upande mmoja ni woga, ambao wote wanaujua. Upande wa pili ni kutoogopa pale pastahilipo kuogopwa, pamoja na ujasiri wa kupita kiasi, na hivyo navyo ni vilema vya roho. Mtu asiyeogopa chochote hajawa shujaa bado. Huenda hapendi uhai inavyopasa, au ana majivuno, au hana akili. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inapoieleza amri ya tano yawataja wazi wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi huhatarisha watu barabarani, baharini na angani, na kusema kwamba hatia yao ni nzito. Tulipoisoma kwa mara ya kwanza tuliwafikiria madereva wa mabasi yetu. Lakini neno angani limo humo pia.

Mbona Waingereza, atauliza msomaji, hawakuacha maonyesho yao ya Farnborough mwaka 1952? Kweli. Tarehe 6 Septemba mwaka ule ndege ya majaribio aina ya DH.110 ilivunjika angani juu ya uwanja. Walikufa watu 31: rubani John Derry, mwenzake Tony Richards, na watazamaji 29. Na siku ileile rubani mwingine, Neville Duke, alipaa na ndege yake, maonyesho yakaendelea. Sisi hatuwezi kumhukumu Duke. Huenda alitaka kuuzuia umati usishikwe na hofu. Huenda alimwaga rafiki kwa namna pekee aliyoijua. Ila lililoiletea Uingereza faida halikuwa kupaa kule. Lilikuwa ni kanuni zilizokazwa baadaye, za umbali na za kutopita juu ya watu, ambazo hakuna aliyezipigia makofi. Miaka zaidi ya 60 ilipita bila mtu wa umma kufa katika maonyesho ya ndege nchini humo, hadi tarehe 22 Agosti 2015, ndege ya zamani ya kivita ilipoanguka Shoreham na kuua watu 11. Hao walikuwa nje ya uwanja, barabarani. Baadhi yao walikuwa wapita njia tu. Kanuni zilikuwa zimemlinda vema mwenye tikiti. Jirani aliye ng'ambo ya ua alikuwa amesahauliwa.

Kwetu, hata hivyo, si ndege za kivita zinazotupasa kuogopa kwanza. Silaha haijui sikukuu, na watu wa Mbagala mwaka 2009 na wa Gongo la Mboto mwaka 2011 wanajua yanayoweza kutoka katika ghala la jeshi hata siku ambayo hakuna vita wala gwaride. Lakini katika viwanja vyetu kitu kinachoua zaidi ni lango. Tarehe 26 Juni 2019, sikukuu ya uhuru wa Madagaska, jeshi lilikuwa limefanya gwaride lake katika uwanja wa Mahamasina mjini Antananarivo, na watu walikuwa wakisubiri kuingia kwa ajili ya muziki. Walidhani wamefunguliwa, malango yakawa yamefungwa, wa nyuma wakasukuma. Walikufa watu wasiopungua 16. Na sisi wenyewe, mwezi Machi 2021, tulipokwenda kumuaga Rais John Magufuli katika Uwanja wa Uhuru, uwanja uleule wa magwaride yetu, tuliwapoteza watu 45 katika msongamano. Hawakuwa wamefuata mchezo. Walikwenda kwa heshima na machozi, nao walikufa kwa kukosa nafasi ya kuvuta pumzi.

Torati ina sheria ndogo, katika Kumbukumbu la Sheria sura ya 22, ambayo yamwamuru mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka kutoka juu na nyumba ikapata hatia ya damu. Musa hakungoja mtu aanguke. Wala hakusema kwamba mwenye akili timamu hatembei ukingoni. Mwenye nyumba ndiye anayewajibika, kwa kuwa yeye ndiye aliyejenga mahali pa juu na kuwakaribisha wageni hapo. Anayewaita watu 30,000 uwanjani amejenga dari pana sana.

Tuseme haki pia kwa upande wa pili. Ziko kanuni zinazotungwa kwa hofu ya kushitakiwa tu. Fomu inayotiwa sahihi ili, mtu akiumia, mkubwa aonyeshe karatasi. Kanuni za namna hiyo hazilindi mtu, nazo ndizo zinazowafanya watu waheshimiwa wacheke. Tumewahi kuona mlinzi akimzuia bibi kizee kupita na chupa ya maji yenye kifuniko, siku ya jua kali, kwa sababu kanuni imesema hivyo, ilhali mlango wa dharura nyuma yake ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli. Twamcheka mlinzi yule kwa moyo wote. Lakini hatucheki kanuni ya mlango.

Mjaribu alimpandisha Bwana Wetu juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini mbele ya mji mzima, akimwambia kwamba malaika watamdaka. Yalikuwa maonyesho makubwa, na umati ungalipiga kelele. Bwana alijibu kwamba Mungu hajaribiwi, kisha akashuka, na baadaye aliteswa na kufa mahali ambapo hapakuwa na makofi.

Siku ya sikukuu ijayo twakusudia kwenda tena uwanjani, Mungu akitujalia uzima. Tutakwenda mapema, tutabeba maji, na tutakaa upande wa kivuli ukipatikana. Na kabla ya kumpandisha mtoto begani, tutamwuliza kwa adabu yule askari aliye langoni mlango wa kutokea uko wapi, na ufunguo wake anao nani.